Jina geni kwenye stetimenti ya benki: ni mwizi, au ni duka uliloingia mwenyewe?

"Asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu, naishi Bamburi. Nina akaunti moja ya benki na kadi ya debiti ninayoitumia madukani, na mara chache mtandaoni. Juzi nilipakua stetimenti ya mwezi mzima kwenye simu, jambo nisilokuwa na mazoea nalo, nikakuta mambo manne nisiyoyaelewa. La kwanza ni shilingi 3,850 zilizokatwa tarehe 14 na kampuni nisiyopata kuisikia. Jina limekatika njiani na mwisho wake pameandikwa NAIROBI KE. Mwezi huo sikutoka Mombasa hata siku moja. La pili ni shilingi 2,600 zilizokatwa mara mbili siku moja na duka la dawa ninalolijua. La tatu ni mstari unaoanza na GOOGLE, kisha nyota na jina la ajabu, shilingi 648. La nne ni shilingi 130 hivi, jina la Kizungu na nchi ya mbali ambako sina shughuli yoyote. Wiki ile tulikuwa na harusi na nilizunguka sana Mtaa wa Biashara, lakini karibu kila kitu nililipa kwa M-Pesa. Mume wangu asema hizo 130 niziache, nishughulikie zile 3,850. Jirani asema nibadilishe PIN yaishe. Na nitasema ukweli: anaishi nasi mtoto wa dada yangu, nimewahi kumpa kadi akanilipie vitu, na sasa namtazama kwa jicho jingine. Nifanye nini?"

Waalaikum salaam, dada yangu. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye dawati la miamala ya kadi inayopingwa na wateja, na barua kama yako nimezisoma nyingi. Kijana usimwambie neno bado. Stetimenti hueleza kwamba kadi ilitumika, haielezi nani aliyeishika, na nimeona nyumba zikigombana kwa pesa ambazo baadaye mwenye kadi alikumbuka alizitumia mwenyewe.

Halafu, kwa heshima zote kwa shemeji, mimi ningeupindua mpangilio wake. Zile 3,850 ndizo zinazonitia wasiwasi mdogo kuliko zote. Zile 130 ndizo ningezishughulikia leo hii, kabla ya chakula cha mchana. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza geuza kadi yako, piga namba iliyochapwa nyuma yake, uombe kadi isimamishwe. Kama programu ya benki yako ina kitufe cha kusimamisha kadi kwa muda, kitumie hicho, ni haraka zaidi. Akaunti itaendelea kufanya kazi na pesa zako zitakuwa palepale. Kinachofungwa ni ile kadi tu. Ukishafanya hivyo, rudi tuendelee.

Sasa tuanze na lile jina geni, maana ndilo linalosumbua wengi.

Watu wengi huamini kwamba stetimenti itaandika jina la duka kama linavyosomeka kwenye bango. Haiko hivyo. Mwenye duka anapotaka mashine ya kadi, ile tunayoiita PDQ, huiendea benki yake yeye, ambayo huenda siyo benki yako, na kujaza fomu za kufungua akaunti ya mfanyabiashara. Pale hutakiwa cheti cha usajili, na jina linaloingizwa kwenye mfumo mara nyingi ndilo lililoko kwenye cheti. Tangu siku hiyo, kila kadi inayogusa ile mashine hutuma ujumbe wenye nafasi ya herufi 40 tu za kumtambulisha muuzaji. Kwenye kadi za Visa, kwa mfano, 25 ni za jina, 13 za mji na 2 za nchi. Jina la kampuni likiwa refu hukatwa panapoishia nafasi, hata kama ni katikati ya neno. Ile KE yako ya mwisho ni zile herufi mbili za nchi, yaani Kenya.

Hebu basi fikiria Mtaa wa Biashara, kwa kuwa umeutaja mwenyewe. Maduka mengi ya leso na vitambaa pale ni ya familia, yamerithiwa kutoka kwa babu hadi mjukuu. Bango la nje lina jina ambalo mama zetu wanalijua tangu usichana wao, kumbe cheti cha kampuni kina jina jingine kabisa: la mzee aliyeanzisha, au la kampuni ambayo ndugu watatu waliisajili ili wawe na maduka mawili au matatu chini ya mwavuli mmoja. Ukinunua leso dukani kwa kaka, stetimenti itaandika kampuni ya ukoo mzima. Na mji? Mji ni ule uliojazwa kwenye fomu. Kampuni ikiwa na makao makuu Nairobi, au mashine ikiwa imetolewa kupitia tawi lao la huko, stetimenti itasema NAIROBI hata kama ulilipa umesimama hatua chache kutoka Digo Road. Kwa hiyo hoja yako kwamba hukutoka Mombasa, ingawa ni ya kweli, haithibitishi wizi.

Mambo haya hayako kwa maduka ya mtaani peke yake. Carrefour za hapa Kenya zinaendeshwa na kampuni ya Dubai iitwayo Majid Al Futtaim, kwa hiyo usishangae jina hilo likitokea mahali ulipotarajia kuona Carrefour. Uber huendesha shughuli zake nyingi za nje ya Marekani kutoka Amsterdam, na Bolt ni kampuni ya Estonia. Mtu aliyepanda teksi kutoka Nyali hadi mjini akilipa kwa kadi anaweza kukuta jina la mji wa Ulaya kwenye stetimenti, akadhani kadi yake imesafiri bila yeye.

Kuna jingine: tarehe. Siku unayolipa, benki yako hutoa idhini tu na kuziweka pesa kando. Pesa zenyewe huhama baadaye, muuzaji anapofunga hesabu za mashine yake na benki zikasawazishana. Baadhi ya stetimenti huonyesha tarehe zote mbili, nyingine huonyesha ile ya pili pekee. Katikati ikiingia Jumamosi na Jumapili, au sikukuu, au muuzaji akichelewa kufunga hesabu, pengo linaweza kuwa siku mbili, tatu au hata zaidi. Kwa hiyo usiulize tarehe 14 ulikuwa wapi. Uliza tarehe 10 hadi 14 ulikuwa wapi. Wewe umekwisha kunijibu: ulikuwa na harusi.

Umesema karibu kila kitu ulilipa kwa M-Pesa. Hiyo "karibu" ndiyo ninayoishika. Watu huzoea njia moja ya kulipa kiasi kwamba ile mara moja waliyotumia nyingine haikai kichwani, hasa siku ya pilikapilika, salio la M-Pesa limekaribia kwisha, na muuzaji anasema "leta kadi, mama, mashine iko." Kaa jioni moja na mkoba uliotembea nao wiki ile. Toa risiti zote, hata zile za karatasi laini zilizoanza kufifia, ukazitazame kwenye mwanga. Usitafute jina, tafuta namba: 3,850 kamili. Majina hubadilika, lakini kiasi kilicholipwa kwa shilingi hapa nchini kwa kawaida hakibadiliki hata senti. Risiti ya PDQ pia huonyesha tarakimu nne za mwisho za kadi iliyotumika, kwa hiyo utajua mara moja kama ni yako. Na risiti ya kodi huwa na PIN ya KRA ya muuzaji, yaani namba yake ya mlipakodi, siyo PIN ya kadi. Ukiiingiza PIN hiyo kwenye sehemu ya kukagua PIN katika tovuti ya iTax, itakupa jina la mlipakodi aliyesajiliwa. Mara nyingi hapo ndipo jina la stetimenti na jina la bango hukutana.

Kama hakuna risiti, bado kuna njia. Iombe benki yako ikwambie msimbo wa aina ya biashara uliokuja na muamala huo. Kila muuzaji anayepokea kadi amepewa namba ya tarakimu nne inayotaja biashara yake: 5411 ni supamaketi, 5912 ni duka la dawa, 7011 ni hoteli, 4121 ni teksi, 5949 ni duka la vitambaa na vifaa vya kushonea. Mhudumu wa kaunta pengine hataijua kwa kichwa, lakini idara ya kadi inaiona kwenye mfumo. Ukiambiwa zile 3,850 zina 5949, nadhani utacheka mwenyewe. Ukiambiwa ni biashara ambayo huna habari nayo kabisa, hapo tumebadilisha mazungumzo, na unaanza kupinga muamala kwa njia nitakayoieleza chini.

La duka la dawa ni jepesi kiasi. Mstari kujirudia una sababu mbili za kawaida, na dawa yake si moja. Ya kwanza: mstari mmoja ni zile pesa zilizowekwa kando, na wa pili ni malipo yenyewe. Programu nyingi za simu huonyesha vyote viwili kwa siku chache, kisha ule wa kwanza hupotea wenyewe. Ya pili: mtandao ulisita, mhudumu akasema "haijaingia, weka tena," ukaweka tena, kumbe ya kwanza ilikuwa imeingia. Utazitofautisha kwa kutazama hali ya mstari. Ukiandikwa kwamba unasubiri, ngoja kama wiki moja, kwa sababu benki nyingi haziwezi kupokea malalamiko juu ya muamala ambao haujakamilika. Kwa kuwa wewe umeiona kwenye stetimenti ya mwezi uliokwisha, nahisi yote miwili imekamilika. Basi nenda dukani kwanza, siyo benki. Nenda na stetimenti, muombe meneja atazame ripoti ya mashine ya siku ile. Kama malipo mawili yaliingia kwa dawa za mara moja, atakurudishia kupitia mashine ileile, na pesa zitarudi kwenye akaunti baada ya siku kadhaa. Akikupa taslimu mkononi, andikishianeni, ili kesho asije mmoja wenu akasema hakulipwa. Ukienda benki kwanza utafika palepale, ila utakuwa umezunguka, na duka litakuwa limetozwa ada ya malalamiko kwa kosa ambalo lingesahihishwa kwa dakika kumi.

GOOGLE na nyota. Ile nyota ina maana yake: kabla ya nyota ni dalali aliyepokea pesa, baada ya nyota ni yule aliyeuza. PayPal huandika hivyo, na hata baadhi ya makampuni ya kupokea malipo ya hapa kwetu, kama Pesapal iliyoanza 2009, huweza kuonekana kwenye mstari badala ya hoteli au shule uliyoilipa. Kwa hiyo GOOGLE ni duka la programu la simu, na lile jina la ajabu ni programu au mchezo. Hapa sitakuficha, nyumba yenye vijana ndiyo ya kwanza kutazamwa, lakini siyo kwa maana ya wizi. Kadi ikishahifadhiwa mara moja kwenye akaunti ya Google, simu yoyote iliyofunguliwa kwa akaunti hiyo inaweza kununua bila mtu kuiona kadi wala kuijua PIN. Mtoto anabonyeza "jaribu bure siku saba," siku ya nane pesa zinaanza kukatwa, kila mwezi.

Fungua duka la Play kwenye simu yako na kwenye kila simu au tableti uliyowahi kuingiza akaunti yako. Gusa picha yako ya juu, ingia sehemu ya malipo na usajili, utazame historia ya manunuzi na usajili ulio hai, yaani huduma zinazokukata pesa kila kipindi. Ukiukuta, ufute pale pale. Tafadhali kumbuka hili, maana wengi hulikosea: kuiondoa programu kwenye simu hakufuti usajili. Programu itapotea na pesa zitaendelea kukatwa. Na usidhani kubadilisha kadi kutakutoa, kwa sababu kuna huduma ambayo benki zilizojiunga nayo huwapelekea wauzaji wa usajili namba mpya ya kadi, ili malipo ya mteja yasikatike. Usajili hufutwa ulikofunguliwa, hakuna njia ya mkato. Google huwa wanakubali ombi la kurudishiwa pesa kwa urahisi zaidi likifika ndani ya saa 48 tangu kununua. Zako zimeshapita, lakini kuomba si dhambi, hasa kama ni mtoto aliyebonyeza. Usipokuta kitu chochote kwenye historia ya akaunti zenu zote, basi mtu mwingine ameiweka kadi yako kwenye akaunti yake, na mstari huu unahamia kwenye kundi la ule wa nne.

Tuje sasa kwenye zile 130 ambazo shemeji anataka uziache.

Zinakaribia dola moja ya Marekani, na hicho ndicho kinachonishughulisha. Namba za kadi zilizoibwa huuzwa kwa mafungu, na anayenunua fungu hajui zipi bado ziko hai. Basi huzijaribu moja moja kwa kununua kitu cha bei ndogo kabisa, mahali ambapo mwenye kadi hatapaona. Ni mwizi anayetikisa kitasa cha mlango usiku: hajachukua kitu, anasikiliza kama kuna mtu ndani. Malipo yakipita, na siku kadhaa zikipita bila kadi kufungwa, anajua mwenyewe haangalii stetimenti. Kiasi kikubwa hufuata. Ndiyo maana udogo wa pesa haunitulizi hata kidogo.

Siwezi kukuapia kwamba ni wizi. Wauzaji halali nao hukata kiasi kidogo kuhakikisha kadi ipo, hasa unapofungua akaunti ya huduma fulani. Ila kiasi hicho kwa kawaida huachiliwa na kutoweka, hakibaki kwenye stetimenti kama malipo kamili, na wewe mwenyewe ungekumbuka kujiandikisha mahali. Nikipima pande mbili, kufunga kadi kunakugharimu ada ya kadi mpya na siku chache za kutumia M-Pesa au kutoa pesa kaunta. Kuiacha wazi kunaweza kukugharimu mshahara. Kadi ya debiti inanyonya akaunti yako moja kwa moja, haina mkopo wa benki mbele yake kama kadi ya krediti. Kinachoondoka ni ada ya shule na unga wa nyumbani, na hakitarudi kabla uchunguzi haujaisha.

Jirani yako ana nia njema, lakini ushauri wake hautasaidia. PIN inalinda ATM na PDQ. Mtandaoni haiulizwi. Kinachoulizwa ni namba ya mbele, tarehe ya kwisha muda na zile tarakimu tatu za nyuma, na aliyezipata anaweza kununua akiwa nchi yoyote. Baadhi ya wauzaji huomba pia namba ya siri inayotumwa kwa simu yako kila unaponunua, wengine hawaombi, na wezi huwatafuta hao wasioomba. Badilisha PIN ukipenda, haina madhara. Lakini mlango uliotikiswa ni mwingine.

Wakati ukiendelea na haya, jihadhari na simu zitakazokupigia. Mtu atajitambulisha kuwa ofisa wa benki, atakutajia jina lako na hata tarakimu nne za kadi, aseme ameona muamala wa ajabu na anataka umsomee namba iliyoingia kwa ujumbe ili "aubatilishe." Hiyo namba ndiyo inayoidhinisha wizi wenyewe. Kata simu, upige ile ya nyuma ya kadi. Vilevile usitafute namba ya huduma kwa wateja kwenye Facebook wala kwa kuandika lile jina geni mtandaoni na kupiga namba ya kwanza inayojitokeza, kwa kuwa wapo wanaosubiri watu wenye hofu kama yako. Na simu yako ikipoteza mtandao ghafla wakati wengine hapo nyumbani wanao, usiseme ni hitilafu tu. Laini yako inaweza kuwa imehamishiwa kwa mtu mwingine. Azima simu upige benki kwanza, kisha nenda duka la kampuni yako ya simu na kitambulisho.

Baada ya kufunga kadi kwa simu, nenda tawini mwenyewe. Kwa mambo ya aina hii sipendekezi kumaliza kwa simu au barua pepe peke yake. Beba kitambulisho, kadi yenyewe, na stetimenti uliyoichapisha ukazungushia mistari kwa kalamu. Omba fomu ya kupinga muamala. Mule ndani wenyewe huita chajibaki, na ukilitaja neno hilo utapelekwa kwa mtu sahihi haraka zaidi. Jaza fomu moja kwa kila mstari unaoupinga, uandike sababu moja iliyo wazi: sikuufanya muamala huu wala sikumruhusu mtu. Usichanganye ule wa duka la dawa humo, maana sababu yake ni nyingine na utachelewesha yote. Usiondoke bila nakala iliyogongwa mhuri na namba ya malalamiko.

Kinachoendelea baada ya hapo hukioni, kwa hiyo nikueleze. Benki yako huipelekea benki ya muuzaji madai kupitia mtandao wa kadi, Visa au Mastercard. Muuzaji hupewa muda wa kuleta ushahidi kwamba ni wewe uliyenunua: risiti, anwani alikopeleka mzigo, rekodi za mtandao. Akishindwa, pesa zinarudi. Akileta ushahidi, benki yako huupima na wewe unaweza kuujibu. Safari hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi, na kuna mwisho wa kuanza: kwa makosa mengi ni siku 120 tangu muamala ulipopita. Wewe bado uko ndani ya muda, lakini hiyo si sababu ya kungoja, kwa kuwa benki nyingine huweka kwenye masharti yake muda mfupi zaidi wa kutoa taarifa. Tena, ukiambiwa muuzaji amekwisha rudisha pesa na wewe huzioni, uliza namba ya kumbukumbu ya muamala, ile ndefu yenye tarakimu 23. Kwa namba hiyo benki yako inaweza kufuata pesa zilipo, na hakuna atakayekwambia "subiri tu, zitafika."

Nikuombe uaminifu katika jambo moja. Ukigundua katikati ya shughuli kwamba zile 3,850 zilikuwa leso za harusi, usizipeleke kwenye fomu kwa kutumaini bahati. Muuzaji ataleta risiti, benki itakutoza ada, na siku utakapoibiwa kweli faili lako litasomwa kwa mashaka. Nimeliona hilo likitokea kwa watu ambao hawakuwa wezi, walikuwa na haraka tu.

Benki ikikuzungusha, kila siku njoo kesho, andika malalamiko rasmi kwa maandishi kwa meneja wa tawi. Miongozo ya Benki Kuu ya Kenya ya 2013 inazitaka benki ziwe na utaratibu wa kupokea na kujibu malalamiko ya wateja, na mara nyingi ile barua yenyewe, yenye tarehe na namba, ndiyo inayofungua mlango. Isipojibiwa, unaweza kuipeleka kwa Benki Kuu, na Mombasa wana tawi lao Nkrumah Road. Polisi nao wana nafasi yao. Kwa shilingi 130 sitakupeleka huko, lakini kikitokea kiasi kikubwa baada ya hapo, au ukipata dalili kwamba mtu unayemjua alihusika, pata kituoni namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Kutumia kadi ya mtu mtandaoni bila idhini yake ni kosa la jinai, tuna sheria ya uhalifu wa mtandaoni tangu 2018, na benki nyingi huitaka hiyo OB kwenye faili.

Nirudi kwa kijana. Mstari pekee unaoweza kumgusa ni ule wa Google, na hapo muulize kama unavyomuuliza mtu wa nyumbani, simu ikiwa mkononi mwenu wote wawili: "Hebu tutazame pamoja, hii programu ni ya nani?" Kuhusu kumpa kadi, nina maoni makali kidogo. Masharti ya kadi yanamtaka mwenyewe asimpe mtu kadi wala PIN, hata mtoto wake wa kumzaa. Mambo yakiharibika, benki itakuuliza swali hilo la kwanza, na ukijibu kwamba kuna mtu mwingine anayeijua PIN, madai yako ya muamala wa PDQ au ATM yatakuwa na miguu dhaifu. Akienda kukununulia vitu, mtumie pesa kwa M-Pesa. Ni salama kwako, na kwake pia, maana hatokuwa mshukiwa wa kila mstari usioeleweka.

Kadi mpya ikifika, kabla hujaitumia popote, omba mambo mawili palepale kaunta. Kwanza, ujumbe wa simu kwa kila muamala bila kujali kiasi. Baadhi ya benki huanza kutuma kuanzia kiwango fulani, na dola moja hupita chini yake kimyakimya. Pili, kikomo cha manunuzi ya mtandaoni kiwe sifuri, ukipandishe mwenyewe siku unayonunua, ukishushe ukimaliza. Si kila benki inakuruhusu kufanya hivyo kwenye simu. Kama yako hairuhusu, fungua akaunti ndogo ya pembeni yenye kadi yake, uweke humo pesa za manunuzi ya mtandao tu, na mshahara ubaki kwenye akaunti ambayo namba ya kadi yake hujaiandika kwenye tovuti yoyote.

Ukipata msimbo wa zile 3,850 niandikie, nami nina hamu ya kujua kama ni 5949.